MJADALA: Konda asipokupa tiketi, uwe na haki ya kutolipa nauli?

Mtoa mada

Wadau, naweka hoja mezani. Sheria iseme wazi kwamba kwenye daladala, Hiace, matatu na kivuko, abiria ambaye hajapewa tiketi hadaiwi nauli. Siongelei faini ambayo konda atakuja kupigwa siku moja akikutana na mkaguzi. Naongelea nauli yenyewe ibaki mkononi mwa abiria mpaka tiketi itoke.

Wengi tunachukulia tiketi kama kikaratasi cha kumzuia abiria asidandie bure. Ukienda kwenye asili yake unakuta jambo jingine. Miaka ya 1830 reli za Uingereza zilitoa tiketi za kuandikwa kwa mkono, na karani aliweza kupokea fedha bila kuandika chochote. Thomas Edmondson, fundi samani aliyefilisika akaajiriwa kusimamia kituo kidogo cha Milton kwenye reli ya Newcastle na Carlisle, akatengeneza kikadi kigumu chenye namba za mfululizo na mashine ya kugonga tarehe. Unaangalia namba iliyofungua asubuhi na iliyofunga jioni, unajua kadi ngapi zimeuzwa, na fedha lazima zilingane nazo. Mtindo huo ulienea duniani, na reli ya taifa ya Uingereza iliendelea nao hadi 1990. Aliyekuwa anachungwa kwa tiketi ile ni mpokea fedha.

Kwangu mimi hata fedha si sababu kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha ya abiria. Daraja la tatu, walikopanda watu wa nauli ndogo, halikuwa nayo, na mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio tofauti. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara kule Ukerewe. Kivuko cha watu 101, waliokufa wakazidi 220. Viongozi walipoulizwa mle ndani mlikuwa na watu wangapi, hawakuwa na jibu, kwa sababu mkata tiketi naye alikufa na mashine yake ya kumbukumbu ikapotelea majini. Tiketi zilikatwa, lakini hesabu yake haikubaki nchi kavu. Watu walikuja ufukweni kutafuta ndugu zao na hakuna aliyeweza kuwaambia kama walipanda au hawakupanda. Hili linaniuma kuliko shilingi zozote zinazopotea.

Halafu njooni kwenye maisha ya kila siku. Daladala linakatisha ruti, mnashushwa njiani, unapanda jingine na unalipa tena. Utamdai nani, kwa ushahidi gani? Umesahau mzigo, unaelezaje ni gari lipi? Ajali ikitokea unahitaji kuonyesha ulikuwa ndani ya gari lile. Tiketi yenye namba ya gari, tarehe, ulikopanda na unakoshuka inajibu yote hayo. Karibuni.

Konda wa Mbagala

Mkuu, mada nzuri ila umeongelea ukiwa umekaa. Mimi niko mlangoni. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, kile kiasi alichokipanga cha siku, inyeshe mvua au liwake jua. Mafuta juu yetu, faini juu yetu, pancha juu yetu. Kinachobaki ndiyo tunagawana mimi na suka (dereva), na siku mbaya hakibaki kitu. Sina mkataba, sina mshahara. Nikiumwa anapanda deiwaka, kibarua wa siku, na nikipona naweza kukuta nafasi imeshachukuliwa.

Sasa niambie, tiketi zikianza kuhesabika, tajiri akaona gari linaingiza kiasi gani, atafanya nini? Atapandisha hesabu kesho yake. Tiketi yako itamfungua macho yeye, na mimi nitabaki nakimbizana na magari barabarani zaidi ya sasa. Na hiyo asubuhi watu wakiwa wanaingilia madirishani, nikate tiketi saa ngapi? Mtu akishuka Kariakoo anasema hukunipa tiketi sikulipi, hapo ni ugomvi, na anayepigwa ni mimi.

Mkazi wa Nairobi

Huku tulijaribu njia ya teknolojia mapema. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay, na 2014 serikali ikaagiza matatu ziache kupokea pesa taslimu. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na lile agizo likabaki kwenye makaratasi. Sababu ni zilezile anazosema ndugu konda. Nauli huku hupanda mvua ikinyesha na jioni watu wakiwa wengi, na kadi yenye bei moja hakuna mhudumu aliyeitaka. Mwenye gari anadai kiasi chake cha siku. Hongo za barabarani nazo hutolewa kwa noti, hazipiti kwenye kadi.

Siku hizi tunalipa kwa M-Pesa na wengi wanadhani ule ujumbe ni tiketi. Unaonyesha umetuma pesa kwa fulani saa fulani, na mara nyingi huyo fulani ni makanga (konda) mwenyewe kwa namba yake binafsi. Gari halitajwi, wala safari haitajwi. Naunga mkono hoja, lakini msije mkaridhika na risiti ya simu.

Wakili

Nichangie upande wa sheria. Wazo la kumwadhibu mchukuzi asiyetoa tiketi si geni. Mkataba wa Warsaw wa 1929 kuhusu safari za ndege za kimataifa ulisema kwamba shirika likimpokea abiria bila kumpa tiketi, haliwezi kujificha nyuma ya vipengele vinavyopunguza fidia yake. Mkataba wa Montreal wa 1999 uliondoa adhabu hiyo, lakini kwa miongo mingi ndiyo iliyofanya mashirika yawe makini na kikaratasi kile.

Tiketi pia inaweza kutumiwa dhidi yako, na mtoa mada hakuligusa hilo. Mwaka 1877 kulikuwa na kesi ya Parker, aliyeacha begi lake kwenye chumba cha mizigo cha stesheni London. Likapotea. Kampuni ikasema nyuma ya tiketi tuliandika hatulipi zaidi ya pauni 10. Mahakama ya rufaa ikasema swali ni kama kampuni ilifanya ya kutosha kumjulisha mteja. Mwaka 1970, katika kesi ya Thornton iliyohusu maegesho ya magari, majaji wakaenda mbele zaidi: mashine ikishachukua fedha yako na kutema tiketi, masharti unayokuja kuyakuta baadaye hayakufungi. Wanafunzi wetu wa sheria wanazisoma kesi hizi. Kwa hiyo tukidai tiketi, tudai pia iandikwe nini. Yale maneno ya "kampuni haihusiki na mzigo wa abiria" yasihesabiwe kuwa sheria kwa sababu tu yamechapwa.

Msafiri wa mikoani

Mabasi makubwa sasa yana tiketi mtandao, na nashukuru jina langu linaandikwa. Ila karatasi ile ya mashine ni ya kuchapwa kwa joto. Iweke dirishani kwenye jua, au mfukoni wiki kadhaa, maandishi yanafifia. Ushahidi gani huo wa kupeleka mahakamani? Na mama yangu kule kijijini hana simu janja, asije akaambiwa tiketi iko kwenye programu.

Mpita njia

Mnahangaika bure. Luxembourg tangu 2020 usafiri wa umma ni bure nchi nzima, tiketi imebaki kwa daraja la kwanza la treni tu. Tudai nauli ifutwe, mambo ya tiketi yataisha yenyewe.

Mtoa mada

Mpita njia, Luxembourg wanagharamia kwa kodi, na magari si ya matajiri wanaosubiri hesabu ya jioni. Hata Tallinn, mji mkuu wa Estonia, walipowaondolea wakazi nauli mwaka 2013, wakazi waliendelea kugusisha kadi wakipanda ingawa hawalipi. Bure au kwa fedha, mji unataka kujua ni wangapi wamepanda.

Wakili, nimekuelewa na nakubali. Mama wa kijijini naye asiachwe: karatasi iwepo, na iwe ya wino.

Konda, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa na sitaki kuipita juu juu. Unachosema ni kwamba giza la sasa linakupa nafasi ndogo ya kupumua mbele ya tajiri. Ni kweli. Lakini giza hilohilo ndilo linamwezesha tajiri kukataa kukuajiri, maana anasema hajui gari linaingiza nini, basi bora hesabu. Kwa hiyo narekebisha hoja. Vivuko vianze sasa hivi, na nakala ya hesabu ya abiria ibaki gatini kabla chombo hakijang'oa nanga. Hapo sioni cha kusubiri. Kwa daladala, leseni ya njia itolewe kwa mwenye gari mwenye mkataba wa mshahara na dereva na konda wake, na haki ya abiria kutolipa ianze baada ya hapo. Tiketi ziuzwe vituoni kabla ya kupanda, kama mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalivyoanza Mei 2016, ili konda asimamie mlango wake.

Konda wa Mbagala

Hapo kwenye mkataba kwanza, tiketi baadaye, tunaongea. Ila andika na hili: tajiri akikataa mkataba, anyimwe leseni yeye. Gari lisije likakamatwa mimi nikiwa ndani nikaambiwa nilipe.

Mtoa mada

Nimeliongeza. Wenye magari mlio humu, tunasubiri upande wenu.