Mabomba ya plastiki Lamu: tuhesabu kwa 0.009 au kwa 0.013?

Ninaleta hoja hii tuijadili: tunapopanga mabomba ya plastiki ya maji ya mvua katika Mji wa Kale wa Lamu, tutumie namba gani ya mkwaruzo, ile herufi n ya fomula ya Manning, inayokadiria mwendo wa maji bombani (n ikiwa kubwa, maji huenda polepole)? Wauzaji hututajia 0.009, nao hawasemi uongo, kwani bomba jipya lenye ukuta laini likipimwa maabara kwa maji safi hutoa namba hiyo au 0.010. Hata hivyo mimi nashikilia 0.013, ambayo kwa kawaida huwekewa bomba la zege.

Masika iliyopita nilikuwapo chemba moja ya mtaa wa Langoni ilipofunguliwa. Chini ya bomba ulilala mchanga wa kina cha vidole vinne, umeshikana na mavi ya punda na vipande vya makuti, na maji yakipita juu yake. Plastiki yenyewe ilionekana ubavuni tu.

Tuchukue bomba la milimita 300 lenye mteremko wa 1 kwa 400, maana karibu na bahari ardhi yetu ni tambarare. Likijaa, kwa 0.009 linapitisha lita 70 kwa sekunde, kwa 0.013, lita 48. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mwendo wa maji: hesabu ya kwanza inatoa karibu mita 1 kwa sekunde, na mhandisi anaridhika kwamba mchanga utasombwa, ilhali ya pili inatoa mita 0.68, ambayo inatosha kwa shida.

— Ndugu yangu, mchanga ni kweli, lakini umeutwika ukuta wa bomba mzigo usio wake. Ukipokea 0.013 badala ya 0.009, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 15, na kwa kuwa bomba la milimita 345 halipatikani dukani, utanunua kubwa zaidi na kuchimba mtaro mpana zaidi, katika vichochoro ambamo punda wawili wenye shehena hawapishani, kando ya misingi ya kuta za mawe ya matumbawe. Mimi ningechukua 0.011 na kujenga chemba zenye kishimo cha kunasa mchanga. Bomba lenye mikunjo hadi ndani ni jambo jingine. Hilo ni 0.018 hadi 0.025.

— Kuhusu mikunjo tumekubaliana. Hiyo 0.011 nami naipokea, mradi gharama ya kuzoa vishimo hivyo kila mwaka iandikwe pamoja na gharama ya kuchimba, kwani kishimo kisichozolewa hujaa na mchanga ukaendelea na safari yake. Limebaki suala la bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, ambalo sote tuliliruka: mdomo wa bomba ukizama baharini, hesabu inayochukulia kwamba maji yanashuka kwa kufuata mteremko wa bomba haifai, hata tuchague n ipi. Kwa mabomba yanayoishia gatini, napendekeza tuanze na kimo cha maji yaliyojaa, kisha tuhesabu kurudi juu mjini.