Mnaojibu "ua kaa wote" mnatuharibia matumbawe!

Wakuu, leo natoa povu, mtanisamehe.

Mtu anaweka humu jukwaani picha ya kaa aliyeingia kwenye tangi lake la maji chumvi na mawe hai (mawe ya baharini yanayokuja na viumbe wake), picha yenyewe haijafunguka vizuri, tayari hukumu imetoka: "Toa, ua." Anayefuata: "Mwache, ni mla mwani huyo." Wote wawili hawajaangalia hata magando!

Muuzaji wangu naye ni walewale. Nilimtumia picha ya kaa aliyekuja na jiwe lake: mwili mpana, miguu imejaa manyoya, magando manene yenye ncha nyeusi. Jibu lake: "Hana shida, anasafisha tangi." Kusafisha kweli amesafisha. Asubuhi nakuta gamba la konokono limemeguliwa ukingoni kama kopo lililofunguliwa kwa koleo, ndani hamna kitu. Kaa wa namna hiyo mara nyingi ni jamii ya Xanthidae, na akishakua mkubwa konokono, kamba, matumbawe, hata samaki aliyelala, hachagui. Muuza mawe hai hajui hilo? Au anajua, ila anataka jiwe litoke dukani?

Haya, kaa wa kijani, yule Mithraculus: ncha za magando yake zimebonyea mfano wa kijiko, anakwangulia mwani. Anafaa, ila mwani ukiisha huanza kudonoa vya wenzake. Kaa wa jamii ya Porcellanidae ni bapa, vipapasio virefu, anapunga vipepeo vyake vya mdomoni kunasa chembe za chakula majini, na nyuma ya magando utaona jozi tatu tu za miguu. Huyo hana ugomvi na mtu.

Sasa kinachonichefua ni habari ya Trapezia. Kaa mdogo, gamba laini linalong'aa, makazi yake ni katikati ya matawi ya tumbawe liitwalo Pocillopora. Anaondoa mchanga unaolituamia tumbawe, na huko baharini anapambana na kiti cha pweza chenye miiba kinapokuja kula tumbawe lake. Ni mlinzi! Juzi mgeni humu kaambiwa amchomoe kwa kibanio. Matawi yamevunjika, kaa kafa, na mkampongeza. Hongereni sana.

Akithibitika mbaya, hakuna haja ya kubomoa tangi zima. Usiku egemeza glasi kwenye jiwe, weka kipande cha nyama ya kamba ndani. Akiingia, kuta zinateleza, hatoki. Ukilijua shimo lake na jiwe halina matumbawe, litoe ulichovye kwenye ndoo ya maji yenye chumvi kali kuliko ya tangi, hidromita (kipimo cha ukali wa chumvi) isome 1.035 kwenda juu. Mara nyingi anatoka mwenyewe. Kumvizia tumia taa nyekundu, nyeupe inamrudisha shimoni. Mkimtoa, mwekeni kwenye tangi la chini, lile la kuchujia maji, ila hakikisheni hawezi kupanda kurudi tangi kubwa. Na msimtupe baharini, hamjui katoka bahari ipi.

Mods (wasimamizi wa jukwaa), naomba iwe sheria: bila picha ya magando kwa karibu, hakuna kutoa hukumu.

Na wewe mwenye utani wa "mchemshe umle": humo humo kwenye Xanthidae yumo Zosimus aeneus, nyama yake ina sumu iliyokwisha kuua watu, na kuichemsha hakuiondoi. Mtu akikuamini je?