Tupeane uzoefu: kupiga upya mfumo kwenye seva ya kukodi iliyo ng'ambo

Fundi_Kkoo

Wakuu, salaam. Nina VPS (seva ya kukodi, kipande cha mashine kubwa) iko Ujerumani, inabeba mfumo wa mauzo wa mteja mwenye maduka ya vipuri hapa Kariakoo. Mpaka leo inatumia CentOS 7, mfumo wa Linux. Wanaojua wanajua: tangu 30 Juni 2024 haina mlezi, na ukipiga yum (amri ya kuinstoli pakiti) unaambiwa mirrorlist.centos.org haipatikani. Nimekuwa nikijikongoja kwa kuelekeza repo (ghala la pakiti) kwenye vault.centos.org, lakini kule wameweka pakiti za zamani tu, viraka vya usalama haviji.

Nataka nifute kila kitu niweke Linux nyingine, AlmaLinux 9 au Debian 12. Kuinstoli hakunitishi. Kinachonitisha ni kwamba mashine siioni, siwezi kuchomeka flashi, na IP yake (anwani yake ya mtandaoni) imesajiliwa kwa kampuni ya simu inayotuletea taarifa za malipo. IP ikibadilika ni barua, fomu, na kusubiri mtu arudi likizo.

Video za YouTube nimezitazama zote. Aliyewahi kupitia aseme ilikuwaje kwake.

Mzee wa Terminali

Mkuu, hofu yako ya IP ina majibu mepesi. Kwenye paneli utakuta njia mbili. Moja ni kufuta seva na kuunda nyingine. Hapo IP inarudi kwa mwenye nyumba na kesho anapewa mpangaji mwingine. Ya pili ni kujenga upya seva ileile: diski inafutwa, mfumo mpya unamwagwa, IP inabaki. Wewe unataka hiyo ya pili. Kampuni nyingine zinakuruhusu hata kuitenga IP na seva, unaihamisha kwenda mashine yoyote ya kwako iliyo data senta hiyohiyo. Soma paneli yako vizuri kabla hujagusa kitu.

Nyaya_Arusha

Hayo ya Mzee ni kweli kama mfumo unaoutaka umo kwenye orodha yao. Mimi niliutaka wenye diski iliyosimbwa, haumo, ikabidi niingie kwa mfumo wa uokozi. Kwa wasioujua: unaomba kwenye paneli, seva inabuti kupitia mtandao wa data senta, inaamkia Linux ndogo iliyo kwenye RAM, unapewa paswedi ya muda, unaingia kwa SSH, yaani terminali ya mbali. Diski zako zinakuwa zimelala, unazifanya unavyotaka.

Kuinstoli kulienda vizuri. Nikatoka kwenye uokozi, nikawasha, kimya. Ping hamna. Nikafungua konsoli ya kwenye kivinjari: mfumo umeamka vizuri kabisa, mtandao ndio haupo. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, zamani kadi ya mtandao ilikuwa eth0, mfumo mpya unaiita ens3. Pili, na hii ndiyo ilinitoa jasho, lango la mtandao la hawa jamaa haliko kwenye subneti (kundi la anwani) ya IP yangu. IP ni ya /32 (iko peke yake, haina majirani), lango ni namba ya mbali kabisa, kwa hiyo kerneli (moyo wa Linux) inakataa njia, inasema haifikiki. Dawa yake kwenye netplan (mipangilio ya mtandao) ni mstari mmoja, `on-link: true`, chini ya njia yenyewe. Ukiusahau utalala hapo.

Kabla hujafuta, piga `ip a` na `ip r` (zinaonyesha anwani na njia) kwenye mfumo wa sasa, nakili majibu yote uyatume kwenye simu yako. Hiyo karatasi ni dhahabu.

Mwana_Tanga

Niwape ya kwetu, ni mashine nzima, siyo VPS. Diski mbili kwenye RAID 1 ya mdadm, yaani kila kilichoko diski ya kwanza kiko na ya pili. Bosi hataki kusikia neno kufuta. Tukasema sawa, hatufuti, tunagawana.

Tukaitoa diski ya pili kwenye RAID mfumo wa zamani ukiwa bado unafanya kazi: `mdadm --fail`, halafu `--remove`. Wateja wanaendelea kununua, seva inakimbia kwa mguu mmoja. Ile diski iliyotoka tukaisafisha kwa `--zero-superblock`, tukaigawa upya, tukaunda RAID mpya yenye diski moja na nafasi ya pili imeandikwa `missing`. Juu yake tukamwaga Debian kwa debootstrap, tukaingia ndani yake kwa chroot bila kuiwasha, tukaweka kerneli, SSH na grub (ya kubutisha).

Sasa sikilizeni hapa. Ndani ya chroot lazima uinstoli pakiti ya mdadm kabla ya kutengeneza initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia). Bila hiyo kerneli inaamka, haijui RAID ni nini, haipati mzizi, inakuangusha kwenye alama ya `(initramfs)` na kibodi ya kuomba dua. Sisi tuliiona kwenye mashine ya majaribio ofisini, tukaijua mapema.

Kikwazo kilikuwa BIOS: inabuti diski ya kwanza, ambako mfumo wa zamani bado upo. Tukatuma tiketi kuomba KVM ya mbali. Fundi wa kule anakuja na kisanduku, anakichomeka kwenye mashine, wewe huku unaona skrini kuanzia BIOS. Tukachagua diski ya pili, Debian ikaamka. Tukaacha diski ya zamani ilivyo mpaka mhasibu alipofunga mwezi na kusema hesabu zimekaa. Ndipo tukaifuta na kuiingiza kwenye RAID mpya, na grub tukaiweka kwenye diski zote mbili. Wengi huiweka moja tu, halafu diski hiyohiyo ndiyo inakufa.

Nyaya_Arusha

Dada, hii ni kazi ya heshima. Hiyo `missing` sikuwahi kuifikiria.

Kitochi Cha Kazi

Ya kibodi hamjaisema. Kuna konsoli za kwenye kivinjari ambako mpangilio wa vitufe ni wa Kijerumani: y na z zimebadilishana, na alama kama @ au / ziko sehemu nyingine kabisa. Paswedi yako iliyojaa alama haiingii, na huoni unachoandika. Siku ya kuinstoli weka paswedi ya muda ya herufi na namba tu, ndefu, isiyo na y wala z. Ukishaingia kwa ufunguo wa SSH ibadilishe.

Bandari Salama

Mimi ya kwangu ni Jumapili ile ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ikawa ya kuomba. Nilikuwa katikati ya kurudisha data kwenye seva mpya, iko Ulaya. Terminali ikaganda. Lakini nilikuwa nimefungua tmux (inaacha kazi iendelee hata ukikatika) kule kule kwenye mfumo wa uokozi kabla ya kuanza, na chelezo nilikuwa nimeiweka kwenye hifadhi ya kule kule Ulaya, si kwenye laptopu yangu Mbagala. Kwa hiyo kazi haikuwa na habari na bahari. Nilipofanikiwa kuingia tena, nikapiga `tmux attach`, rsync, ya kunakili mafaili, imeshamaliza inanisubiri.

Ningekuwa napandisha kutoka nyumbani, na Luku ndiyo hiyo, ningekuwa naongea mengine hapa.

Pips_za_Asubuhi

Jamani na sisi wa forex tupo. Windows ya kwenye VPS, MT4 (programu ya biashara ya forex) inakimbia usiku kucha. Mimi nilipandisha ISO mwenyewe kwa sababu niliyopewa ilikuwa imejaa takataka. Instola ikasema haioni diski hata moja. Nikajua nimeibiwa. Kumbe diski ya VPS ni ya virtio (ya kuigizwa) na Windows haiji na draiva yake. Unaambatanisha ISO ya pili ya draiva za virtio, unabonyeza kupakia draiva, unachagua viostor, diski inatokea. Kadi ya mtandao nayo ni hivyo hivyo, inaitwa NetKVM.

Na kabla ya kufuta, ndani ya MT4 nenda File, Open Data Folder, nakili lile folda lote. EA (roboti za biashara) na seti zako zimejificha kwenye AppData, haziko kule ulikoinstolia.

Leapp_Kwanza

Mnamtisha kijana bure. CentOS 7 inaweza kupanda bila kufutwa. AlmaLinux wana mradi wa ELevate, unatumia leapp (chombo cha kupandisha toleo), unatoka 7 kwenda 8, halafu 8 kwenda 9. Unaanza na `leapp preupgrade`, inakuandikia ripoti kwenye /var/log/leapp/leapp-report.txt, kila kizuizi kimetajwa. Mimi ilinigomea kwa kadi mbili za mtandao zenye majina ya eth, nikazibadilisha majina, ikaendelea.

Mzee wa Terminali

Leapp inafaa kwa seva safi. Seva ya maduka iliyokaa miaka, ina PHP ya repo ya tatu, ina pakiti alizoziweka fundi aliyehamia Mwanza, utapandisha na uchafu wake wote. Na ikikwama katikati huna mfumo wa zamani wala mpya. Mimi nafuta.

Leapp_Kwanza

Ndiyo maana kuna snapshoti (nakala ya diski nzima ilivyo), mzee wangu. Unapiga snapshoti, unajaribu, ikigoma unarudi. Kwenye VPS hiyo ni dakika chache.

Mzee wa Terminali

Hapo nakubali. Ila hifadhidata izime kwanza, ndipo upige snapshoti.

Sse_Nne

Fundi_Kkoo, kabla hujaamua Alma 9, piga `grep sse4_2 /proc/cpuinfo`. Familia ya RHEL 9, ambayo Alma 9 imo, inadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v2. Mashine yenyewe inaweza kuwa mpya, lakini mwenye VPS akiwa ameiwekea CPU ya kuigiza aina ya kvm64, mfumo haufiki popote. Glibc (maktaba ya msingi ya Linux) inakwambia CPU haitoshi na kerneli inapata kiharusi. Tulipokutana nayo tuliandika tiketi, wakabadilisha aina ya CPU upande wao, tukazima na kuwasha, ikapita. Debian 12 haina masharti hayo.

Mwana_Tanga

Na ukienda Debian, angalia wenye mafaili. Kwenye CentOS mtumiaji apache ni namba 48, mysql ni 27, postgres ni 26. Debian www-data ni 33, na 48 haina maana hiyo. Ukirudisha kwa tar, au kwa rsync yenye `--numeric-ids`, mafaili ya tovuti yanakuwa ya mtu asiyejulikana na PHP inashindwa kuandika. Ni chown tu (kubadilisha mmiliki), lakini ujue kwa nini.

Kama hifadhidata ni PostgreSQL, usihamishe folda la data lilivyo. Ile ya CentOS 7 ni 9.2, toleo jipya halitaifungua. Hata ukiwa umeweka toleo lilelile pande zote mbili, glibc ya kule ni 2.17, na kuanzia 2.28 upangaji wa maneno ulibadilika, faharasa zinakuwa na makosa kimyakimya: unatafuta mteja yumo, anasema hayumo. Toa kwa pg_dumpall, ingiza upya.

Kingine, saa. Mfumo mpya mara nyingi unakuja na UTC. Ripoti yetu ya saa kumi na mbili asubuhi ikaanza kufika saa tatu, meneja keshapiga simu. `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu washa upya cron (inayoendesha kazi kwa ratiba).

Fundi_Kkoo

Shukrani wakuu. Nimepiga ile grep, sse4_2 ipo. Paneli yangu ina kitufe cha kujenga upya na IP inabaki. Database ni MySQL, nitatumia mysqldump. Nimeamua nikodi VPS ya pili ya kulipia kwa saa, nifanye zoezi zima huko kwanza, ndipo niguse ya mteja. /etc/letsencrypt (vyeti vya HTTPS) na funguo za seva za /etc/ssh nazibeba, ili nisiombe vyeti upya wala laptopu za ofisini zisianze kulalamika kwamba seva imebadilika.

Mzee wa Terminali

Vyeti beba kweli. Ukirudia zoezi ukawa unaomba cheti kilekile, Let's Encrypt wanakufungia baada ya vitano kwa wiki.

Bandari Salama

Mkuu, na malipo yatakayoingia seva ikiwa imezimwa? Taarifa ya kampuni ya simu itagonga mlango haujibiwi. Waulize kama mfumo wao unajaribu tena, na kwa muda gani. Sisi wetu ulikuwa haurudii. Tulianza saa nane usiku, tukaomba orodha ya miamala ya kipindi kile, mhasibu akaiingiza kwa mkono asubuhi.

Fundi_Kkoo

Hilo sikuwa nimeliweka kwenye mpango kabisa. Nawaandikia barua pepe leo, na kazi nasogeza mpaka wanijibu.