Land Rover ya marehemu baba: niuze au nisubiri?

Mjukuu wa Tukuyu:
Heshima yenu wakuu. Baba katuachia Land Rover 109 ya 1974, imelala Tukuyu chini ya mparachichi. Dalali wa Mbeya anasema tangu Land Rover mpya iitwayo Defender itoke, hizi kuukuu zimekuwa lulu. Mdogo wangu anataka tuiuze skrepa. Nimsikilize nani?

Fundi wa Mwanjelwa:
Pole kwa msiba, kaka. Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016, mpya ikaonyeshwa 2019, na haina hata chesesi (fremu ya chini) ya kujitegemea. Mwenye hela ya ile wala hakutafuti wewe. Anayetaka 109 anaingia uvunguni na tochi. Bodi ni aluminiamu. Chesesi ya chuma ndiyo inayooza. Halafu namba ya injini: ifanane na ya kwenye kadi.

Dereva wa Makambako:
Marekani wameshayaona haya. Gari lao la zamani, Dodge Challenger, lilirudi 2008. Toleo lake la Hellcat la 2015 likaja na nguvu za farasi 707. Babu yake wa 1970 mwenye injini ya Hemi alikuwa na 425 tu, na bado bei yake haigusiki.

Mjukuu wa Tukuyu:
Ndaga fijo (asante sana). Jana nimeingia uvunguni, suruali imekwisha kwa matope (mvua za huku mnazijua). Chesesi nzima, ila karibu na tenki kidole kilizama. Injini iliyopo ni Toyota 3L, baba aliifunga enzi za kupeleka ndizi Uyole. Ile yenyewe ipo bandani, kuku anaatamia juu yake.

Fundi wa Mwanjelwa:
Kuku mwache amalize. Mtu wa skrepa asiingie humo bandani.