MUUZA PIZZA WA FORODHANI KANIPOKONYA SAHANI MKONONI, TENA MBELE YA WANANGU!

Mama Wawili wa Tabata
Wakuu, naandika nikiwa kwenye ngazi za gesti hapa Shangani, Zanzibar, mikono inatetemeka, mtanisamehe herufi zikiruka. Salamu baadaye.

Yule muuza pizza wa Forodhani mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye maneno mengi kuliko mayai. Simtaji jina, hana haja ya kutajwa.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya likizo ya watoto. Tumekuja na boti ya asubuhi, kusi imetutikisa njia nzima, nikavumilia. Tumeshuka Malindi, papasi kama mia saba wanagombea kunibebea begi moja, nikavumilia. Wanangu wanaimba pizza tangu tunapita Buguruni. Nikawaambia jioni Forodhani, mtakula mpaka mchoke.

Nimepanga foleni. Nimemtazama akiutandaza unga, akatia nyama ya kusaga, vitunguu, yai, mayonezi, akakunja, akaiweka kwenye chuma. Yangu hiyo. Ikaiva, akanipa, NIKAIPOKEA. Mvuke unanipiga usoni, mdogo ameshafungua mdomo. Nyuma yangu wakatokea wazungu wawili. Jamaa akanyoosha mkono akaichukua sahani. Mkononi mwangu! "Dada ngoja kidogo, wageni kwanza, wewe si mtu wa hapa hapa?"

Nilikuwa nimeshaishika jamani. Nimeshaishika!

Hata mchawi anakuachia kile ulichokwisha kukishika. Mwanangu kabaki mdomo wazi mpaka tumefika gesti, nimemfunga mwenyewe kwa mkono.

Ya pili ikaja wakati watu wa foleni yetu wameshakaribia kustaafu. Natoa elfu tano, kama alivyotoa mzee aliyenitangulia. "Elfu kumi na tano dada, wewe umetoka bara." Kwenye foleni mimi mwenyeji, kwenye kulipa mimi mgeni! Lakini hela zinatafutwa. Ile sahani ndiyo inaniuma. Mama mzima unapokonywa chakula mbele ya wanao, tena anakuchekea.

Fundi Makoti
Nimekaa siti ya mbele. Picha ya sahani tafadhali.

Binti Mlandege
Huyo namjua, pole dada. Mie mzaliwa wa hapa na aliwahi kunambia "wewe utakula kwenu". Mwezi wa sita mpaka wa nane, wazungu wakishakuja kwa likizo yao ya kiangazi, sie hatuonekani. Njoo wakati wa masika, mvua inamwagika na bustani tupu, umsikie anavyokuita kwa mapenzi.

Kaka wa Kigogo
Mleta mada, povu lote hili kwa ajili ya chapati yenye yai?

Mama Wawili wa Tabata
Soma vizuri wewe. Sikulalamikia chapati. NIMEPOKONYWA SAHANI NILIYOISHIKA.

Kaka wa Kigogo
Ungeishika kwa mikono miwili.

Yakhe wa Darajani
Wabara mna mambo. Mkishuka botini mbio Forodhani. Mwenyeji gani umemuona kakaa pale anakula pizza? Ingieni vichochoroni mtafute urojo. Kachori, bajia, mbatata, chipsi za muhogo juu, chatne na pilipili kwa raha yako. Bakuli ukishapewa ni lako mpaka kiyama.

Kaka wa Kigogo
Urojo nao ni chakula? Bajia zimekufa maji.

Yakhe wa Darajani
Mtu anayekunywa supu ya pweza kituo cha daladala asinifunze mie chakula.

Baba Chaurembo
Afadhali yako dada, umeshika sahani. Mimi nimewahadithia wanangu habari za Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, tangu Morogoro: jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lina umeme na lifti wakati huku kwetu watu wanawasha vibatari. Kufika, uzio! Binti yangu akaniuliza, "Baba, maajabu ndiyo haya mabati?"

Binti Mlandege
Lile limeporomoka Disemba 2020, siku ya Krismasi. Watu wawili walifariki. Mpaka leo nikipita pale moyo unaniruka, maana nimekua nikilitizama. Mngemwambia mtoto kweli kabla hamjatoka nyumbani.

Baba Chaurembo
Sawa dada, poleni. Lakini mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, jumba kubwa kuliko yote ndilo hatuingii. Hilo linaniuma.

Mama Wawili wa Tabata
Jamani, na sahani yangu?

Mpita Njia
Mnalilia sahani na majumba. Mimi papasi kanizungusha Mji Mkongwe saa nzima akinipeleka "njia ya mkato" ya hotelini. Hoteli ilikuwa nyuma ya pale tulipoanzia. Kisha akadai hela ya kutembezwa.

Fundi Makoti
Huyo wa njia ya mkato hata mimi namjua! Mbona mnanikumbusha mabaya.

Neema wa Mbeya
Wakuu samahani kwa kuingilia. Naja Jumamosi na watoto, sijawahi kupanda boti. Kweli watu wanatapika?

Mpita Njia
Msimu huu wa kusi? Utamtapika hata shangazi yako.

Baba Chaurembo
Usimtishe mwenzio. Neema, safari ni kama saa mbili tu. Kaa chini, nyuma, katikati ya chombo, pale hapatikisiki sana. Mbele kule ndiyo balaa. Na watoto wasishibe sana asubuhi.

Neema wa Mbeya
Asante kaka. Nimeambiwa pia nitafune tangawizi. Natafuna kabla ya kupanda au tukishaondoka?

Yakhe wa Darajani
Kabla. Mkishaondoka utakuwa umeshika mfuko kwa mikono yote.