Wazazi Darasa la Tatu: karatasi ya minyoo

Mama Nassor: Assalaam alaykum. Karatasi ya ridhaa ya utafiti wa dawa za minyoo waliyokuja nayo watoto nimeisoma, sahihi sijatia. Kidonge cha minyoo si wanapewa skuli? Kinachojaribiwa tena ni nini?

Hamad Maabara: Waalaykum salaam. Kile ni albendazoli mg 400, dozi moja. Mnyoo wa mchango inaumaliza vizuri, wa safura inaupunguza sana. Inapokwama ni kwa mnyoo mjeledi. Utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba, matokeo yakatoka 2014, watoto wa miaka 6 hadi 14: albendazoli peke yake haikuponya mjeledi hata kwa watoto 3 katika 100. Mebendazoli karibu 12. Albendazoli pamoja na dawa nyengine, oksantel, 31.

Mama Nassor: Watatu katika mia?? Basi tunawameza­sha ya nini?

Bi Zuwena: Usiidharau mwanangu. Kupona hapo maana yake halionekani hata yai moja la mnyoo kwenye choo. Kinachomdhoofisha mtoto ni wingi. Mjeledi ukiwa chini ya mayai 1,000 kwa gramu ya choo ni mwepesi, kuanzia 10,000 ni mzito. Kumshusha kutoka juu kule ni faida kubwa.

Hamad Maabara: Ndiyo maana tunatoa hesabu mbili, ya waliopona na ya mayai yaliyopungua. Wastani ukiwa 1,200 kabla ya dawa na 300 baada, yamepungua asilimia 75. Kwa mchango Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka albendazoli ipunguze mayai asilimia 95, kwa mjeledi limeridhika na 50. Mimi hiyo 50 naiona ni kukata tamaa kwa maandishi.

Baba Ilham (duka la dawa): Mjeledi kichwa chake kimejichomeka ndani ya ngozi ya utumbo mpana, dawa ya siku moja inampitia juu juu. Sasa hivi inayotazamwa zaidi ni albendazoli na ivermektini. Ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kilo: mtoto wa kilo 30 ni mg 6, vidonge viwili vya mg 3. Chini ya kilo 15 hapewi. Kwa hiyo mizani kwanza, si kukisia kwa macho.

Mzee Faki: Na hiyo imeponya wangapi?

Baba Ilham (duka la dawa): Matokeo ya 2022, watu wa miaka 6 hadi 60: Pemba 49 katika 100, albendazoli peke yake 6. Lakini Côte d'Ivoire, dawa zile zile, mbili pamoja 14, albendazoli peke yake 10! Baadaye ikaonekana mjeledi wa kule ni jamii nyengine. Ya kwao usiyahamishie kwetu.

Mama Nassor: Na wangu akiangukia kundi la dawa ya zamani?

Bi Zuwena: Ni kura, hachagui daktari wala mwalimu. Atapata albendazoli, ile ile anayopata leo. Anayebaki na minyoo mwisho wa utafiti hutibiwa. Na kumtoa unaweza siku yoyote, huulizwi sababu. Dozi akiitapika ndani ya saa moja, mwambie nesi palepale, asisubiri kesho.

Mzee Faki: Na vikopo viwili vya choo walivyopewa watoto, vya nini? Kimoja hakitoshi?

Hamad Maabara: Hakitoshi, Mzee. Mayai hayatoki sawasawa kila siku. Choo cha siku mbili, kila kimoja vioo viwili vya darubini. Choo kinakamuliwa kwenye wavu, kinajazwa kitundu cha mg 41.7, kinafunikwa selofeni iliyolowekwa gliserini, kinageuzwa na kukandamizwa. Yai la safura lazima lisomwe ndani ya saa moja, gliserini ikizidi linayeyuka machoni na mtoto anaandikwa mzima. Vioo vinne vikitoa mayai 100, wastani ni 25, mara 24, sawa na 600 kwa gramu.

Hamad Maabara: Halafu tunarudia siku ya 14 hadi 21 baada ya dawa. Mapema zaidi bado mayai ya zamani yanatoka. Ukichelewa sana, mtoto keshaambukizwa upya na dawa inabebeshwa lawama isiyo yake.

Bi Zuwena: Na wasigawane choo! Mmoja anajisaidia, watatu wanajaza vikopo. Hiyo ndiyo inayoharibu utafiti kuliko dawa mbovu.

Mama Nassor: 😂 Nassor huyo huyo. Cha kuharisha je?

Hamad Maabara: Cha maji hakishiki kwenye kitundu. Lete siku nyengine. Kisichotwe chini kwenye mchanga, weka jani la mgomba au karatasi safi. Kikae kivulini, juani mayai ya safura yanaharibika.

Mama Nassor: Haya natia sahihi. Ila na yeye mwenyewe aulizwe.

Bi Zuwena: Ataulizwa. Akikataa, sahihi yako haitoshi.

Mzee Faki: Vinapokelewa saa ngapi?

Hamad Maabara: Cha asubuhi hiyo hiyo, kabla ya saa 3. Jina lisomeke, juu ya kikopo, si juu ya kifuniko. Vifuniko vinabadilishana.