Paestum mwezi wa Oktoba: bahari, magofu na mfuko mdogo

Kutoka: Dada wa Hannover

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Likizo ya shule ya Oktoba tunatafuta pa kwenda na watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Watoto wanataka bahari, baba yao anataka magofu, mimi nataka hela ibaki. Nimesikia habari za Paestum, kusini ya Napoli, Italia. Kuna aliyefika? Gari hatukodi.

---

Kutoka: Mama Mkubwa, München

Marahaba mwanangu. Oktoba nendeni tu. Agosti ndiyo usiguse, hasa kuelekea tarehe 15, maana Italia nzima iko likizo na kila kitanda kinauzwa bei ya sikukuu. Tena kiangazi sehemu kubwa ya ufuo inashikwa na wenye miavuli na vitanda, wanaita lido, unalipia kwa siku. Kipande cha bure kipo, spiaggia libera, ila mnabanana. Ikifika Oktoba wengi wao wameshakunja virago na mchanga wote ni wenu. Maji bado yanaogeka. Mvua inaweza kuwaharibia siku moja mbili, hilo mlikubali kabla ya kuondoka.

Toka uwanja wa ndege wa Napoli kuna basi la Alibus hadi Napoli Centrale, euro 5. Hapo pandeni treni ya regionale, ile ya kawaida ya mkoa, inayopita Salerno, kama saa moja na robo, nyingine huchukua zaidi. Nauli yake haipandi hata ukinunua dakika ya mwisho, kwa hiyo msihangaike kukata tiketi mapema. Ila tiketi ya karatasi mwigonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla hamjapanda. Kondakta hasikilizi hadithi.

Stesheni ya Paestum iko jirani na ukuta wa mji wa kale. Mnashuka, mnapita lango la Porta Sirena, mnafuata njia iliyonyooka kati ya mashamba, na kwa mwendo wa watoto robo saa haiishi mmeona nguzo. Wagiriki waliuanzisha mji huu kama mwaka 600 K.K. wakauita Poseidonia, Warumi wakauchukua 273 K.K. Baadaye maji ya vinamasi na malaria vikawahamisha watu. Ndiyo, malaria hii hii yetu! Usiogope, Italia ilitangazwa haina malaria mwaka 1970. Ila dawa ya mbu chukua.

Mahekalu ni matatu. Mume wako mwambie asikimbilie lile kubwa linalopigwa picha. Aanze na la zamani zaidi, la Hera, mungu wa kike wa Wagiriki, la kama mwaka 550 K.K. Asimame mbele ahesabu nguzo: 9. Hesabu witiri, kwa hiyo nguzo moja imekaa katikati kabisa, pale ambapo ungetegemea mlango. Wasomi wa karne ya 18 walishindwa kuamini kwamba ni hekalu, wakaliita Basilica, yaani jumba la mikutano la Kirumi, na jina likaganda hadi leo. Nguzo zenyewe zimefura tumboni na jiwe lina vitobo vitobo.

Watoto wapeleke makumbusho wakaone Kaburi la Mpiga Mbizi, lililofukuliwa 1968. Upande wa ndani wa kifuniko amechorwa kijana anayejirusha majini, mikono mbele, kichwa chini, sawasawa na vijana wa Forodhani jioni. Wangu mdogo alikataa kutoka mle ndani.

Chini ya miaka 18 halipi mtu kwenye makumbusho ya serikali, awe raia wa wapi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote. Punguzo la miaka 18 hadi 25 ni la raia wa EU, kibali cha kuishi usikitegemee. Kutoka magofuni hadi baharini ni kama kilomita mbili, barabara tambarare.

Makaratasi: kila mtu pasipoti halisi pamoja na kibali, siyo picha kwenye simu. Mwenye nyumba lazima awaandikishe polisi, na atadai kodi ya kulala kwa kila kichwa, mara nyingi taslimu. Mwenye Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya muda ya Ujerumani unaposubiri kibali, aulize ofisi ya wageni kabla ya kununua tiketi ya ndege, maana zingine hazikurudishi Ujerumani.

---

Kutoka: Kaka wa Köln

Naungana na Mama, ila kulala Paestum nabisha. Magofu yakifungwa jioni, bila gari mnakaa mnatazamana. Laleni Agropoli, dakika chache tu mbele kwa treni hiyo hiyo: mji wa watu, una maduka makubwa, ufuo wake mwenyewe na mji mkongwe juu ya kilima. Kodini nyumba yenye jiko. Mkila nje, angalieni neno coperto kwenye menyu, ni hela ya kukaa tu. Kahawa nyweni mmesimama kaunta, ndivyo wenyeji wanavyofanya na ndiyo bei nafuu.

---

Kutoka: Bi Mkubwa, Rotterdam

Assalaam aleikum. Nyongeza kwa Waislamu. Kule watu wanafuga nyati wa maziwa, na mozzarella yao inasifiwa kweli. Lakini ile yenye DOP, alama ya Ulaya ya chakula cha asili ya mahali fulani, inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kuna wanaoona haina neno, kuna wanaojizuia. Mkila, nunueni asubuhi mle siku hiyo hiyo, friji inaiua.

---

Kutoka: Kijana wa Leicester

Sisi wa Uingereza wenye pasipoti za Kenya au Tanzania tusishangilie bado. eVisa yetu, kibali cha Uingereza cha mtandaoni, haituingizi Italia, viza ya Schengen iko pale pale, na nafasi za miadi zinakwisha haraka. Anayetaka Oktoba aanze kutafuta kuanzia Juni.

---

Kutoka: Dada wa Hannover

Asanteni sana. Agropoli imepita, na tutafika Jumamosi ili Jumapili ya kwanza itukute huko. Mama Mkubwa, kigari cha mtoto kinapita kwenye yale mawe, au nikiache? Dada yangu anataka kuja na wake wa mwaka mmoja.

---

Kutoka: Mama Mkubwa, München

Kiache. Abebe kwa kanga mgongoni.